Gunia la Sita

Subukia,
11 Mei 2025

Kwako Profesa Wangare,

Niaje? Kabla hujauliza, ndiyo, uvumi ni wa kweli: juzi niliruka juu ya ng'ombe na baiskeli. Si ndama. Kanini mwenyewe, amelala anacheua, mimi napita juu yake kama mwewe, na hakuacha kucheua. Kutoka hapa mpaka Naivasha, na ukitaka ongeza Nyandarua yote, hakuna mtu aliyezaliwa na mwanamke anayeweza kusimama juu ya gurudumu la nyuma kama mimi. Paka wa hapa siku hizi wanakuja kukaa kwa ua waangalie vile mtu hutua.

Natumai uko salama, na ile githeri yenu ya bweni bado ina maharagwe hata mawili. Na wewe Madam Jepkorir, deputy wa mwalimu mkuu, unayefungua barua za wasichana ukitafuta mambo ya wavulana, shikamoo. Mimi ni ndugu yake wa tumbo moja. Ukimaliza kusoma funga vizuri umpe mapema, si kama ile ya Februari iliyokaa kwa droo yako wiki mbili.

Huku tuko sawa. Mama bado yuko Karagita kwa kazi ya mashamba ya maua, anakuja mwisho wa mwezi. Baba ni Baba. Anaamka, anakamua, anaenda kituo cha maziwa kuandika lita za watu, anarudi, anakamua tena. Kanini bado hataki mkono mwingine ila wa Baba. Jumanne nilijaribu, akanichapa mkia kwa jicho, akafunga maziwa kama mtu amezima bomba. Bahasha ameandika Baba kama kawaida, maana anasema mwandiko wangu ni wa kuku aliyekanyaga wino.

Sasa maneno. Unaijua ile baiskeli isiyo na kiti niliyotoa kwa vyuma kuukuu huko Kiamunyi. Watu bado wananiuliza nani aliiba kiti. Nawaambia hii ni baiskeli ya trials, haikaliwi, inasimamiwa. Kiti ni cha wazee na masista. Basi sikiza. Jumapili ya Vijana ni tarehe moja Juni, na kanisani wamenipa dakika kumi baada ya kwaya. Nitaruka juu ya watu! Wanalala chini ubavu kwa ubavu kama dagaa, mimi nasimama juu ya jiwe la kujengea, nawapita wote. Nimesema watu sita. Rafiki yangu Karanja amechora bango, na kwa bango imeandikwa sita.

Mazoezi nafanya na magunia niliyojaza maganda ya mahindi, gunia moja mtu mmoja. Matano napita nikitafuna. La sita linaniringia kidogo. Ni upepo. Sasa wewe uliye na fizikia, mtu akitaka kuongeza shubiri moja hivi kwa kuruka, afanye nini? Si kwamba mimi nahitaji. Ni Karanja anauliza.

Baba amesema atakuja kuangalia. Tangu niache shule Form Two hajawahi kuja kuangalia kitu chochote nafanya.

Ni mimi, bingwa wako,
Muturi


Shuleni, Molo,
20 Mei 2025

Ndugu yangu Muturi,

Salamu kutoka kwenye baridi. Mimi ni mzima, ila vidole. Maharagwe nilihesabu jana: manne. Madam Jepkorir amenipa barua yako leo na kusema, "Mwambie ndugu yako shikamoo yake nimeipokea, na droo yangu haimhusu." Alikuwa anacheka. Tangu Januari hatujaona meno yake.

Sisi wa Form Four hatutoki half-term, kwa hivyo mwambie Baba nangoja visiting, tarehe kumi na nne Juni. Aje na viazi, hata vikipoa njiani nitakula.

Kuhusu Kanini: akilala ananifika kiunoni. Hukumruka. Pengine uliruka mkia.

Sasa mambo ya Karanja anayeuliza. Unataka kuruka na hujajua kutulia. Aprili nilikuhesabia ukisimama tuli, ulifika kumi na tano ukaweka mguu chini. Rudi hapo kwanza. Pedali mbili zilingane, mguu wenye nguvu mbele, usukani uupinde kidogo, breki zote mbili umeshika, magoti na viwiko vilegee. Simama mpaka usahau kwamba umesimama. Mtu asiyeweza kutulia, anaporuka anakuwa tayari anaanguka.

Halafu, ukishapanda juu ya gurudumu la nyuma, usivute usukani kifuani. Ndivyo ulikuwa unafanya likizo, na ndiyo maana nyuma inabaki. Chuchumaa, achilia breki, kanyaga pedali robo mzunguko tu, acha mwili utangulie mbele, na ukinyooka usukume usukani uende mbali nawe. Shubiri yako imepotelea hapo. Breki ya nyuma uishike tena kabla hujagusa chini.

Lakini mambo haya huchukua miezi, Muturi, na wewe una siku kumi na mbili. Gunia likikanyagwa linamwaga maganda, basi. Mtu hana maganda. Waruke watatu. Watu watapiga makofi yale yale, na Baba atafurahi vile vile. Bango Karanja atapaka rangi upya.

Nijibu hili moja kabla ya siku yenyewe: umewahi kupita sita? Ndiyo au la. Usinipe hadithi.

Dada yako,
Wangare


Subukia,
8 Juni 2025

Kwako Profesa,

Sasa? Natumai baridi imekuachia vidole. Barua yako ilifika, asante kwa mafundisho. Nilisimama tuli mpaka sabini, Karanja ndiye shahidi. Lile swali lako la mwisho sikulisoma vizuri, karatasi ilikuwa imelowa mvua.

Jumapili ya Vijana ilijaa. Ilijaa mpaka watu wa makanisa mengine walisimama kwa ua. Kwaya waliimba nyimbo nne, wa sauti ya tatu walipotea njia kama kawaida yao. Bango la Karanja lilianguka na upepo mara mbili. Mchungaji alisema vijana tuna vipawa. Kulikuwa na soda na mandazi. Jepkemboi wa dukani aliuliza kama nitamfundisha baiskeli, nikamwambia apange foleni.

Mama amekuja nyumbani kukaa kidogo, ameomba ruhusa kazini. Amechoka na maua tu. Baba anakusalimia.

Visiting sijui kama itawezekana. Barabara ya juu ni mbaya sana wiki hizi. Soma kwa bidii.

Muturi


Shuleni, Molo,
17 Juni 2025

Muturi,

Hujambo. Mimi sijambo ya mdomo tu.

Jumamosi nilivaa sweta safi nikakaa karibu na geti toka saa tatu asubuhi. Kila gari likiingia nasimama. Saa saba mama ya Jepleting, msichana anayelala kitanda cha juu yangu, akaniita nile nao. Nilikula chapati yao na siwezi kukwambia ilikuwa na ladha gani. Saa kumi wageni wakaenda. Baba hajawahi kukosa. Mwaka wa mafuriko alikuja na mabuti ya mvua, viazi amevifunga kifuani.

Na bahasha. Ulidhani sitaona? Miaka minne kila bahasha kutoka nyumbani ina mwandiko wa Baba, ile W ya jina langu anaivuta mkia kama ya cheti. Hii imeandikwa na yule kuku wako.

Nilimwomba Madam Jepkorir simu. Ya Baba ililia mpaka ikakatika. Ya Mama akashika, akasema, "Soma, mtoto wangu, wewe soma tu," halafu nikasikia ameifunika na mkono. Nilimwita mara tatu. Akakata. Madam aliangalia dirishani mpaka nikapangusa uso, akaniambia nirudi darasani.

Umejaza ukurasa na kwaya na mandazi. Hakuna mahali umeandika kwamba uliruka. Wewe! Wewe ambaye ukikata kucha unanitumia habari.

Mimi nimefungiwa huku, Muturi. Kuna ua, kuna geti, kuna mtihani wa mock tarehe moja. Nikiuliza ruhusa wananiuliza kuna nini nyumbani, na mimi sijui kuna nini nyumbani. Usiku, sitasema. Nina karatasi hii tu.

Baba yuko wapi? Yuko hai?

Wangare


Subukia,
26 Juni 2025

Dada yangu,

Baba yuko hai. Nianze na hiyo. Madam, tafadhali, hii usiiweke kwa droo.

Nisamehe. Mama alisema tusikuvuruge kabla ya mtihani, na mimi nilikubali haraka sana, kwa sababu zangu.

Niliruka. Watu watano walikuwa wamelala, vijana wa kwaya. Wa sita alikuwa Mburu, na dakika ya mwisho Mburu akasema tumbo linamkata, akakimbia nyuma ya kanisa. Watu wakacheka. Mtu akapiga kelele, "Bango linasema sita!" Nikasimama hapo juu ya jiwe na baiskeli yangu kama mtu anauza ndizi. Ndipo Baba akatoka kwa kiti cha wazee. Akavua koti, akalikunja, akampa Mama. Akasema, "Huyu ni mtoto wangu. Wa kulala hapa ni nani kama si mimi?" Watu walipiga makofi, Wangare. Akalala wa mwisho, kwa ubavu, mkono wa kulia juu.

Wale watano niliwapita safi. Gurudumu la nyuma likatua kwa mkono wa Baba, kati ya bega na kiwiko. Ilisikika. Sitaandika ilisikika namna gani.

Baba alisonga pale alipolala. Hicho ndicho kilifanyika. Nilikuwa tayari hewani, na mtu akisonga ukiwa hewani hakuna breki inasaidia. Wewe mwenyewe unajua fizikia yake.

Tulimpeleka Nakuru. Mfupa umefungwa na daktari anasema mfupa utashika. Shida ni mshipa, ule unaopeleka habari kwa mkono. Umeumia hapo mfupa ulipovunjika. Kiganja kinaning'inia. Anakiambia kiinuke na hakiinuki, anabaki kukiangalia kama kitu cha jirani. Nikamuuliza daktari tufanye nini. Akasema tungoje miezi mitatu, minne, pengine utaamka, pengine hautaamka. Nikamuuliza tena kwa maneno mengine. Akasema tungoje. Nikamuuliza mara ya tatu, akaniuliza kama nimekula.

Kituo cha maziwa wameweka mtu mwingine wa kuandika. Na Kanini ndiyo balaa. Hanipi. Baba anasimama mbele yake, anamkuna paji la uso na mkono wa kushoto, anamwimbia ule wimbo wake, mimi nimechuchumaa huku chini, na bado hakuna kitu. Chuchu zimevimba, zimekuwa moto. Jana alilia kama mtu. Baba akaenda nyuma ya zizi akakaa huko. Mimi bingwa wa Bonde la Ufa nikabaki na ndoo tupu.

Mama hunipa chakula, haniongeleshi. Baiskeli iko nyuma ya choo.

Muturi


Shuleni, Molo,
8 Julai 2025

Ndugu yangu mpendwa Muturi,

Salamu nyingi, na kwa mara ya kwanza namaanisha neno hilo mpendwa. Usicheke.

Madam Jepkorir alinipa barua mbili, yako kwanza, ya Baba siku kadhaa baadaye. Hakuwa amefungua hata moja. Ya Baba ina mistari mitano, ameandika na mkono wa kushoto, herufi kubwa zimeinama kila upande kama za mtoto wa nasari. Imeandikwa: WANGARE. NI MZIMA. NILISONGA. USIMLAUMU MUTURI. SOMA. Kalamu imetoboa karatasi mahali pawili. Nilipoona ile W yake bila mkia nilienda kukaa nyuma ya maktaba mpaka kengele.

Nataka kukuomba msamaha. Tangu nisome yako, na hata kabla, nilikuwa nimeshakuhukumu. Nilijiambia: huyu hajawahi kupita sita na alijua. Kila asubuhi nikipiga mswaki nakuchukia. Nilikuwa nimekuandikia barua mbaya sana, kurasa tatu, nikaichana baada ya kusoma ya Baba. Kama alisonga, alisonga. Hata ungekuwa bingwa wa dunia usingefanya lolote. Baba hasemi uongo, hata wa kumfurahisha mtu, wewe unamjua, aliwahi kumwambia mchungaji mahubiri yalikuwa marefu.

Kwa hivyo usijibebeshe kitu ambacho si chako. Najua unajifanya mgumu. Kula. Lala. Mwambie Mama nimesema akuongeleshe.

Kuhusu Kanini, mvalishe... aibu, nilitaka kuandika uvae koti la Baba ukimkamua, apate harufu. Jaribu. Sijui kama itasaidia. Kila kitu ninachofikiria kinaishia kwa sijui kama itasaidia.

Fizikia ya mock nilirudisha karatasi nusu nyeupe. Swali la nne lilikuwa la kitu kinachorushwa juu na kuanguka. Nilijua jibu. Nilikaa tu nikiliangalia.

Tunafunga tarehe moja Agosti. Nikija toa baiskeli nyuma ya choo tuipake grisi. Haikukosea, na wewe hukukosea.

Dada yako anayekupenda,
Wangare


Subukia,
20 Julai 2025

Wangare,

Hatujambo. Koti lilisaidia kidogo. Kanini alitoa kama vikombe viwili, halafu akageuka akaniangalia, akafunga. Vikombe viwili ni vikombe viwili. Mama ameanza kuniongelesha, alisema, "Leta kuni." Kiganja cha Baba bado. Tulienda Nakuru Jumatano, daktari akakigonga hapa na pale, akasema tungoje.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko kitu chochote nilichowahi kusoma, na wewe unajua hiyo si hesabu kubwa. Ungenitukana ningelala. Ile ya kurasa tatu uliyochana, ungeituma hiyo.

Jumapili iliyopita Baba alisimama wakati wa ushuhuda. Mkono kwa kitambaa, kifungo kimoja cha shati hakijafungwa kwa sababu hataki Mama amfungie. Akaomba kanisa msamaha. Msamaha, Wangare! Ati aliwaharibia vijana siku yao. Akasema, "Nilisonga kama mtoto mdogo. Kijana wangu aliruka sawa, mimi ndiye sikutulia." Halafu akaniambia nisimame watu wanione. Nikasimama. Wakapiga makofi. Nikapunga mkono. Mkono wangu, mzima, juu kabisa, niliuona ukipunga na sikuweza kuushusha.

Uliniuliza ndiyo au la. Karatasi haikuwa imelowa. La. Sijawahi kupita sita, hata siku moja, hata bila upepo. Wiki mbili gunia la sita nililitulia mahali pamoja, shubiri moja kabla ya mwisho, mpaka likapasuka na maganda yakatoka. Jumamosi jioni, kesho yake ikiwa siku yenyewe, Baba alikuja nyuma ya zizi kuona mazoezi. Mara ya kwanza. Nilisikia mabuti yake, nikaligeuza gunia, upande uliopasuka ukawa chini. Akaniuliza, "Umewahi kupita yote sita?" Nikasema, "Mara nyingi, Baba." Akalibonyeza gunia na mguu, akasema, "Basi vizuri." Alikuwa anatabasamu. Hiyo tabasamu sikuwa nimeiona tangu Form Two, ningefanya nini, nimwambie angoje nitafute shubiri?

Lakini hata hiyo siyo yenyewe. Kuanguka, watu huanguka. Yenyewe ni hii.

Hospitalini, walipomaliza kumfunga, Mama alikuwa ametoka kutafuta maji. Tulikuwa wawili. Baba alikuwa anaangalia dari, dawa bado iko kichwani, nikaona anahesabu kitu, kama vile anahesabu lita zikikataa kulingana. Kisha akageuza shingo polepole. Hakukuwa na hasira, Wangare. Alikuwa anauliza tu, kama mtu amepoteza kitu na anajua wewe umekiona. Akasema, "Muturi, wewe hupita sita. Kwani mimi nilisonga?"

Nikasema, "Kidogo tu, Baba."

Akafunga macho. Akasema, "Pole sana, mwanangu."

Nimejaribu kumwambia. Kwa zizi, kwa gari la kutoka Nakuru, jana akila. Nikifungua mdomo ananiambia pole tena kabla sijaanza, na mimi naufunga. Kwa hivyo nakwambia wewe, uliye mbali, kwa karatasi, kama mwoga. Fanya nayo utakavyo.

Hakusonga. Nilikuwa juu yake namwona. Alikuwa ametulia kabisa, amefumba macho, ananingoja.

Muturi